Uvimbe wa maji kando ya umio: kunyonya kwa sindano au kupasua?

BARUA

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa miezi 14, tunakaa Mbagala. Tangu akiwa na miezi 4 kifua chake kina sauti. Akivuta pumzi unasikia mkoromo hata ukiwa chumba cha pili. Akilala chali unazidi, nikimweka begani unapungua. Zahanati wamemtibu nimonia mara 3, mara ya mwisho alichomwa sindano siku 5. Baadaye wakasema ni pumu, tukapewa dawa ya kupuliza pamoja na chupa yake ya plastiki. Tumetumia miezi 2, hakuna tofauti. Jirani akatushauri tumkate kimeo, baba yake akakataa.

Kunyonya ananyonya vizuri, lakini tangu aanze vyakula vizito anakabwa. Uji mwepesi unapita, wali na ndizi vinarudi vilevile dakika chache baadaye. Kwenye kadi ya kliniki alikuwa na kilo 7.9 akiwa na miezi 9. Leo ana kilo 8.2.

Mwezi uliopita tulipata rufaa, akapigwa picha ya kifua, kisha CT-Scan. Majibu yanasema: uvimbe wenye majimaji, sentimita 4.2 kwa 3.1, upande wa kulia nyuma ya koo la hewa, umegusana na umio (mrija wa chakula), haukunyonya dawa, umesukuma koo la hewa mbele na kushoto, pingili za mgongo ziko sawa. Chini wameandika "sisti ya kuzaliwa nayo, ya umio au ya njia ya hewa". Daktari wa upasuaji anasema apasuliwe kifua.

Bibi yake anauliza: kama ni maji, si wayanyonye kwa sindano yaishe? Shangazi yake anataka tusubiri afike miaka 5 apate nguvu. Mimi nataka kujua kama hawa madaktari wana uhakika na ugonjwa wenyewe, upasuaji unafanywaje, na kama mwanangu atakula kama watoto wengine. Na je, nilikosea nini nikiwa mjamzito?

Mama wa Mbagala

JIBU

Marahaba, mama, na poleni nyote.

Tuanze na bibi, maana swali lake ndilo linalobeba mengine. Maji yaliyo ndani ya hiyo sisti, yaani kifuko, hayakuvujia humo kutoka mahali pengine. Yanatengenezwa na utando uliotanda ndani yake, wa aina ileile inayotanda umio, njia ya hewa au tumbo, na kazi ya utando huo usiku na mchana ni kutoa ute. Ukinyonya maji yote leo, utando unabaki pale pale na unaendelea na kazi. Kifuko kitajaa tena. Sindano nayo ina gharama yake: inaweza kuingiza vijidudu, na kifuko kikishashika usaha, kuta zake zinagandamana na umio, koo la hewa na mishipa ya jirani. Upasuaji ambao ungekuwa wa kubandua unageuka kuwa wa kuchonga. Kwa hiyo mwambieni bibi kwamba maji ni dalili tu, ugonjwa ni ule utando, na sindano haiutoi.

Sindano ina nafasi yake mara mbili tu. Ya kwanza ni dharura, pale mtoto anapobanwa pumzi kiasi cha kuhatarisha maisha na timu ya upasuaji haijawa tayari. Hapo hunyonywa ili kununua saa au siku chache. Ya pili ni ndani ya chumba cha upasuaji kwenyewe, daktari akitaka kukilegeza kifuko apate nafasi ya kufanyia kazi.

Hukukosea kitu ukiwa mjamzito. Mwanzoni mwa mimba umio na njia ya hewa ni mrija mmoja. Kuanzia kama wiki ya 4 mrija huo hugawanyika, na katika wiki zinazofuata umio hujitengenezea uwazi wake wa ndani. Chembe kidogo ikibaki njiani wakati wa kazi hiyo, inakua peke yake na kuwa kifuko. Wakati huo wanawake wengi hata hawajajua kama wana mimba. Hakuna chakula, dawa ya malaria au kazi nzito inayojulikana kuleta hali hii, na kwa kawaida hairithiwi.

Sasa kuhusu uhakika. Kwa jinsi ulivyoeleza, picha imekaa vizuri. Uvimbe wa maji, usionyonya dawa ya mshipani, ulioegemea umio upande wa kulia: ni maelezo ya kitabuni. Kwenye majibu ya CT tafuta herufi HU. Hicho ni kipimo cha uzito wa kitu kwenye picha. Maji ni 0, na vifuko hivi vingi huwa kati ya 0 na 20. Vikijaa ute mzito namba inapanda, na hapo ndipo wengine huvidhania kuwa nyama. Hilo la "umio au njia ya hewa" lisikusumbue. Ni ndugu wawili wa tumbo moja, na mara nyingi hata CT nzuri haiwezi kuwatofautisha. Maabara ndiyo huamua baada ya kutolewa: ukuta ukiwa na tabaka 2 za misuli, ni wa umio, ukikutwa gegedu ndani yake, ni wa njia ya hewa. Matibabu ni yaleyale.

Kilichopoteza miezi 10 ni kwamba dalili zake zinafanana na za magonjwa yaliyojaa mitaani. Koo la hewa la mtoto wa umri huu ni jembamba, unene wake unakaribia kidole chake kidogo cha mkono, na gegedu zake bado ni laini. Kipenyo cha uwazi wake kikipungua kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa unaongezeka mara 16. Ndiyo maana uvimbe usiofika ukubwa wa yai unamkoromesha hivyo. Makohozi nayo yanashindwa kutoka, yanalala ndani, na nimonia inarudi mahali palepale. Mtoto wa pumu hukoroma akitoa pumzi, na hupata nafuu angalau kidogo kwa dawa ya kupuliza. Wa kwenu anakoroma akivuta pumzi, sauti inabadilika kwa mlalo, dawa haijamgusa, na chakula kigumu kinakwama. Dalili hizo 4 zikikutana, mtoto apigwe picha ya kifua ya mbele na ya ubavuni. Mara nyingi hupigwa ya mbele peke yake, na kwa mtoto mdogo tezi ya thaimasi hutanua kivuli cha katikati ya kifua hadi uvimbe ukajificha nyuma yake. Ya ubavuni ndiyo inayoonyesha koo la hewa limepinda kwenda mbele.

Kuna mambo matatu ambayo tungependa yawe yamefungwa kabla ya kisu. La kwanza ni uti wa mgongo. Pingili zikiwa na ufa au nusu pingili, kifuko kinaweza kuwa na mkia unaoingia hadi kwenye uwazi wa uti, na kukikata bila kujua hilo kunaweza kuvujisha maji ya uti na kuleta homa ya uti wa mgongo. Hapo MRI, picha ya sumaku, ni lazima. Kwa mtoto wenu pingili ziko sawa, hivyo MRI si ya lazima. Inachukua kati ya nusu saa na saa nzima, mtoto analazwa kwa dawa, na kumlaza mtoto ambaye koo la hewa limebanwa si jambo dogo. La pili ni tumbo. Baadhi ya watoto wana kifuko cha pili kwenye utumbo, na ultrasaundi ya tumbo, ambayo ni rahisi na haina mionzi, inatosha kuangalia. La tatu ni kifua kikuu. Mtoto aliyedumaa, mwenye kikohozi na kivuli kifuani, hapa kwetu atapimwa TB na ni sawa: apimwe kwa GeneXpert kwa majimaji ya tumboni ya asubuhi au kwa choo. Kisichokuwa sawa ni kumwanzishia dawa za miezi 6 "tuone" wakati CT inaonyesha kifuko cha maji. Dawa za TB hazikipunguzi.

Kama uvimbe ungekuwa wa nyama, wenye chembe za chokaa ndani, tungeongelea uvimbe wa neva na vipimo vya mkojo. Kama ungekuwa mshipa wa damu uliozunguka koo la hewa na umio, dawa ya CT ingeuonyesha. Kwenu vyote viwili vimeshaondolewa na picha.

Mtu anaweza kupendekeza kipimo cha kumeza dawa nyeupe, bariamu. Kinasaidia: huonyesha umio umebonyezwa kutoka nje, pembeni laini, bila kidonda. Ila mtoto anayekabwa anaweza kuivuta mapafuni, kwa hiyo afanyiwe na mtu wa picha aliyezoea watoto, kwa kiasi kidogo kidogo. Endoskopi, kamera inayoingizwa umioni kupitia mdomoni, nayo si mbaya, lakini hapa sikiliza vizuri: wasikate kipande. Utando wa umio unaoonekana kwa kamera ni mzima, uvimbe uko nyuma yake. Kukata kipande hakutaleta jibu lolote la maana, kutaacha kovu mahali ambapo daktari wa upasuaji anategemea utando uteleze, na siku ya upasuaji umio unaweza kutoboka hapohapo. Tukiulizwa ni kosa gani moja la uchunguzi linaloharibu upasuaji mzuri, tutataja hilo.

Kuna pia kipimo cha teknesiamu kinachoonyesha kama ndani ya kifuko kuna utando wa tumbo; hapa mjini tiba ya nyuklia ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kwa maoni yetu hakihitajiki kwa mtoto ambaye tayari ameamuliwa kupasuliwa. Majibu hayatabadilisha kitu, kifuko kinatoka vilevile.

Na kimeo. Baba amefanya jambo la maana kukataa. Kimeo hakibani koo la hewa lililoko kifuani, kipo kwenye paa la mdomo. Kukikata kunamletea mtoto damu nyingi, usaha, wakati mwingine pepopunda, na anafika kwa daktari wa usingizi akiwa hana damu ya kutosha.

Shangazi anataka msubiri. Kwa mtoto aliyegunduliwa kwa bahati tu, asiye na dalili, mjadala wa muda upo. Kwa mtoto huyu haupo. Ndani ya miezi 5 ameongeza gramu 300, wakati mtoto wa kiume wa kawaida huongeza zaidi ya kilo moja katika kipindi hicho na akiwa na miezi 14 huwa na kama kilo 10. Kifuko hakitayeyuka. Kinaweza kushika usaha, na kama kina utando wa tumbo ndani, kinatoa asidi inayochimba kidonda, kinavuja damu au kutoboka kuelekea umio au njia ya hewa. Saratani imewahi kuandikwa kwa watu wazima lakini ni nadra mno, msiifanye sababu ya kukosa usingizi. Sababu ni pumzi na chakula. Muda tunaouongelea ni wiki, na wiki hizo zina kazi yake.

Kazi ya kwanza ni kumaliza nimonia kama ipo, homa ishuke na kikohozi kitulie. Ya pili ni chakula. Acheni kumlazimisha wali na ndizi za kukata. Mpeni vya kupita mahali pembamba: uji mwepesi uliotiwa maziwa na mafuta ya kula kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, au siagi ya karanga laini isiyo na chembe iliyokorogwa ikayeyuka kabisa, mtori uliochujwa, supu ya dagaa waliosagwa na kuchujwa. Kidogo kidogo mara 6 au 7 kwa siku, ameketi wima, na asilazwe nusu saa baada ya kula. Endelea kumnyonyesha. Ya tatu ni damu: wingi wa damu, kundi, na kipimo cha selimundu kama hajawahi kupimwa, maana mtoto mwenye selimundu anahitaji maandalizi tofauti kabisa ya usingizi. Mtoto wa kilo 8.2 ana damu kama mililita 650 mwili mzima. Akipoteza mililita 65, ambazo ni kama vijiko 4 vya chakula na ushee, ameshapoteza sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana mtaombwa ndugu wa kuchangia damu ingawa upasuaji wenyewe kwa kawaida hautoki damu nyingi. Msingoje siku ya mwisho.

Usiku wa kuamkia upasuaji fuateni saa mtakazopewa wodini. Kanuni ya kawaida ya muda wa kufunga kabla ya nusukaputi ni saa 6 kwa uji, maziwa ya kopo na chakula, saa 4 kwa maziwa ya mama, saa 2 kwa maji matupu. Akiwa wa kwanza saa 2 asubuhi, uji wa mwisho ni saa 8 usiku, kunyonya mwisho saa 10 alfajiri, maji mwisho saa 12. Usimshindishe njaa tangu jioni ukidhani unasaidia. Sukari yake itashuka.

Dakika ngumu kuliko zote haziko kwenye kisu. Ziko kwenye kulazwa usingizi. Mtoto aliye macho anatumia misuli yake kulitanua koo la hewa. Nusukaputi ikiingia, misuli inalegea, uvimbe unalala juu ya koo la hewa, na hewa inaweza kukatika kabisa hata mpira wa kupumulia ukiwa umeingia, kama ncha ya mpira imeishia juu ya mahali palipobanwa. Kwa hiyo mtoto hulazwa taratibu kwa gesi huku akipumua mwenyewe, na dawa ya kulegeza misuli haitolewi mpaka ncha ya mpira imevuka mbano na hewa inaonekana kupita pande zote mbili. Mipira midogo zaidi ya makadirio iwepo mezani, kamera ngumu ya njia ya hewa iwepo, na daktari wa upasuaji awe ameshanawa kabla mtoto hajalala. Hewa ikikatika, mara nyingi kumgeuza ubavu au kifudifudi kunauondoa uvimbe juu ya koo. Mnayo haki ya kumuuliza daktari wa usingizi, kwa heshima: "Koo lake likibana akishalala, mmepanga kufanya nini?" Aliyejiandaa atakujibu bila kununa.

Mtoto hulazwa kwa ubavu wa kushoto, ameelemea kidogo mbele, mkono wa kulia juu ya kichwa. Kwa njia ya wazi, kifua hufunguliwa kati ya mbavu, kwa kawaida nafasi ya 4 au ya 5, na daktari mzuri husukuma misuli pembeni badala ya kuikata, kwa sababu misuli iliyokatwa utotoni huacha bega lililoshuka au mgongo uliopinda mtoto akikua. Kwa njia ya matundu, huingia vifaa vya milimita 3 hadi 5 kupitia matundu 3 hivi, na gesi ya kaboni dayoksaidi kwa shinikizo dogo, milimita 4 hadi 6 za zebaki, kusogeza pafu. Matundu yana maumivu kidogo na kovu dogo. Lakini yanahitaji pafu moja lilale, na kwa mtoto mwenye njia ya hewa iliyobanwa hilo haliwezekani kila mara. Wakianza na matundu wakamalizia kwa kufungua, huo ni uamuzi wa kiusalama. Tungependelea jeraha la wazi lililofanywa na mikono iliyolizoea kuliko matundu ya kujaribia.

Ndani, utando unaofunika umio unapasuliwa kwa urefu juu ya uvimbe. Mshipa mkubwa wa damu unaokatiza pale upande wa kulia, azigosi, unasogezwa au unafungwa. Neva ya vegasi inatafutwa kwanza na kuwekwa kando. Ndani ya umio kunakuwa na mpira mnene au kamera, ili kidole cha daktari kihisi umio uko wapi. Hapo kifuko kinabanduliwa taratibu kutoka kwenye misuli ya umio. Wengi hunyonya sehemu tu ya maji, kwa sababu kifuko kilichonywea kabisa kinapoteza mipaka yake na kinakuwa kigumu kufuatwa. Kazi nzuri inaacha utando wa ndani wa umio ukiwa mzima, unaonekana kama karatasi laini inayong'aa. Mahali ambapo kifuko kimeshikana na mgongo wa koo la hewa, ambao ni laini na hauna gegedu, ni heri kuacha kipande cha ukuta wa nje na kukwangua utando wake wote kuliko kutoboa koo la hewa. Kumbuka kanuni ya mwanzo: kinachotakiwa kisibaki ni utando.

Baada ya kutoa, kifua hujazwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, mpira wa ndani huvutwa juu, hewa kidogo husukumwa. Mapovu yakitokea, kuna tundu, na linashonwa hapohapo kwa nyuzi nyembamba za kuyeyuka, kisha misuli inashonwa juu yake kama tabaka la pili. Hata kama tundu halipo, misuli ya umio inarudishwa pamoja. Ikiachwa wazi, utando unaweza kutuna kupitia pengo hilo mwaka au miaka baadaye, na mtoto anarudi na kifuko kipya ambacho safari hii kinajaa chakula. Mpira wa kifuani huachwa, na pafu linajazwa hewa mbele ya macho ya daktari kabla ya kufunga.

Siku ya kwanza anaweza kukaa chumba cha uangalizi maalumu. Msishtuke. Kula kunategemea kilichoonekana ndani. Kama utando wa umio haukufunguka, maji huanza siku inayofuata, kisha maziwa ya mama, kisha vyakula laini. Kama ulifunguka ukashonwa, analishwa kwa mpira wa puani au dripu, na kati ya siku ya 5 na ya 7 hupewa dawa ya picha inayoyeyuka majini kuona kama panavuja. Usimchovye hata kidole cha uji kabla ya picha hiyo kwa sababu analia njaa. Maumivu yatulizwe kisawasawa, maana mtoto mwenye maumivu hakohoi, na asiyekohoa anapata nimonia. Akisharuhusiwa kunywa, parasetamo ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5 ni mililita 5 kila baada ya saa 6 kwa uzito wake, isizidi mara 4 kwa siku.

Wewe ndiye utakayekaa naye saa 24, kwa hiyo angalia chupa ya mpira wa kifuani. Majimaji mekundu mepesi siku za mwanzo ni kawaida. Mate au maziwa kwenye chupa, pamoja na homa na moyo kwenda mbio kati ya siku ya 2 na ya 5, maana yake umio unavuja: mwite nesi papo hapo. Majimaji meupe kama maziwa yanayoongezeka kila akinyonya ni mrija wa limfu uliojeruhiwa. Mara nyingi hupona kwa kubadilishiwa mafuta ya chakula bila kurudi kisuni, lakini lazima itambuliwe, kwani anapoteza protini na kinga. Sauti ya kilio ikiwa ya kukauka, neva ya sauti imeguswa, na nyingi hurejea ndani ya wiki au miezi. Kope moja ikilegea, sema pia.

Jambo moja huwavunja moyo wazazi wasipoambiwa mapema: mkoromo hauishi siku ya upasuaji. Gegedu zilizobanwa miezi 10 zimelegea, na zinahitaji miezi kukomaa. Sauti itapungua kidogo kidogo. Inayotakiwa kukutisha ni ile inayozidi. Nyumbani, akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima: 40 au zaidi, au kifua kubonyea chini ya mbavu, au homa ya nyuzi 38 na kuendelea, au kushindwa kumeza mate, usisubiri kuche.

Kula kama wengine? Ndiyo, watoto wengi hufika huko. Panda ngazi: wiki 2 vyakula vya kusaga, kisha vya kuponda kwa uma, kisha wali laini. Nyama na mihogo vije mwisho na vikatwe vidogo. Wengine hubaki wanacheua kwa muda, wengine umio unasukuma kwa uvivu pale palipobanduliwa, na picha ya kumeza dawa baada ya miezi kadhaa itaonyesha kama kuna mfuko unatuna. Kliniki ni baada ya wiki 2, miezi 3, na mwaka. Kilo ndizo zitakazokwambia kwanza.

Upasuaji huu ufanyike penye daktari wa upasuaji wa watoto, daktari wa usingizi aliyezoea watoto na chumba cha watoto mahututi, vyote chini ya paa moja. Kwa Dar es Salaam, Muhimbili ndipo rufaa za aina hii huelekea. Bebeni diski yenye picha zenyewe, siyo karatasi ya majibu peke yake. Bila diski mtoto anaweza kurudiwa CT na mionzi yake bure. Kama mna bima ya afya ya NHIF, kibali cha upasuaji kiulizwe kabla ya tarehe ya kulazwa. Kama hamna, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ifuatwe mapema mkiwa na barua ya serikali ya mtaa na kadi ya kliniki ya mtoto, maana yuko chini ya miaka 5.

Baada ya kutoka, kuna karatasi ambayo familia nyingi haziifuati: majibu ya maabara ya kile kifuko. Yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Yafuateni, na msome vitu viwili: kama kulikuwa na utando wa tumbo, na kama kifuko kilitoka chote. Wakiandika kwamba sehemu ya ukuta iliachwa, muulizeni daktari kama utando wake ulikwanguliwa, na jibu lake liandikwe kwenye faili la mtoto.